Kapteni Mstaafu Anunua Boti

Jumatatu, 5 Agosti

Hili sijamwambia mtu. Si Mama, si Shangazi, si yule rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja mpaka tukamaliza shule. Nalisema hapa mara moja, kisha tuendelee: mimi ni Kapteni Mstaafu, mwanamume wa miaka sitini na tatu, mwenye shingo nene, aliyeendesha vyombo vikubwa bila kugusa mwamba hata siku moja.

Kwenye simu tu, lakini. Kwa maandishi.

Ana kwa ana mimi ni msichana ambaye akisalimiwa na watu watatu kwa pamoja anajibu huku akiangalia viatu vyake. Dukani naonyesha kwa kidole. Wiki iliyopita nilitaka chumvi, muuzaji akanipa mshumaa. Nikalipa. Nikaondoka nao. Ningefanyaje, nibishane?

Lakini nipe simu na mahali pa kujificha! Hapo natisha.

Sasa sikiliza, maana mambo ni moto. Shangazi, dada yake Baba, tunaishi naye nyumba moja. Kazi yake ni kuvusha watu mto kwa boti ya mbao. Injini yake bado nzima kabisa. Boti yenyewe imeoza mpaka abiria akikaa anakabidhiwa kopo la kuchotea maji. Na leo Mwalimu Mkuu wa shule ya ng'ambo amemwambia: tarehe mbili Septemba shule ikifunguliwa, avushe wanafunzi kumi na sita, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Sharti ni boti nzima, na wote wavuke mara moja. Bila hivyo kazi anapewa yule bwana wa boti ya njano.

Mimi je? Mimi ndiye niliyebanwa kuliko wote. Shangazi akiipata kazi hiyo atahitaji karani wa kuandika majina ya wanafunzi. Kukaa pembeni. Kushika kalamu. Kunyamaza! Kazi ya ndoto yangu. Akiikosa, Mama ameshaamua: naanza saluni kwa shoga yake. Saluni! Wanawake sita kwenye viti, na kila mmoja anangoja nimuulize habari za mawifi zake. Nitakufa kabla ya saa nne asubuhi.

Kwa hiyo lazima boti ipatikane. Hapa mjini muuzaji ni mmoja tu, tunamwita Bei Moja kwa sababu hapunguzi hata ukizimia mbele yake. Shangazi ameletewa bei yake leo. Akakaa chini. Mama naye akakaa. Mimi nikatoka nje, nikajibanza nyuma ya tangi la maji, na Kapteni Mstaafu akamwandikia fundi mmoja wa mji wa juu, kule mto unakotokea. Namba yake imeandikwa ubavuni mwa boti za wauza mkaa.

Jibu lilikuja hata sijafuta jasho. Lilianza hivi: Shikamoo Kapteni.

Sijawahi kuamkiwa maishani mwangu! Nikaandika: Marahaba. Mwili mzima ulinisisimka.

Halafu bei. Huku kwetu boti huuzwa kwa dhiraa, yaani kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Shangazi anataka dhiraa kumi na nne. Na dhiraa moja ya Fundi ni karibu nusu ya dhiraa moja ya Bei Moja. Nusu! Nimepiga hesabu mpaka penseli imekwisha ncha.


Jumanne, 6 Agosti

Nimemwambia Shangazi. Ilibidi nimwambie nikiwa naosha sufuria, nimempa mgongo. Nikasema yupo kapteni mmoja mstaafu, babu wa mwenzangu wa shule, anafahamiana na fundi wa mji wa juu, na yuko tayari kumsemea kwa bei nzuri. Niliongea na sufuria mpaka mwisho. Sufuria haikuuliza maswali. Shangazi aliuliza mengi.

Akiwa bado anauliza, akaingia Redio. Huyu ni binamu yangu, mtoto wa mjomba. Jina lake la Redio linajieleza. Tulimaliza shule mwaka mmoja, lakini yeye wiki ya pili tu akawa ameshapata kazi ofisini kwa Bei Moja, na anavaa shati lenye nembo kifuani hata Jumapili. Kila boti ikiuzwa anapata chochote. Akasikia habari za mji wa juu, akacheka kwa mapozi. Akasema bei ya huko ni ya kuvutia watu wasiojua mambo. Bei ya kwao ina rangi ndani yake, ina vijana wa kuisukuma mpaka majini, ina mtu wa kumlalamikia.

"Nendeni tu," akasema. "Mkirudi mnalia msinipigie simu, nitakuwa kwenye mkutano."

Mkutano! Najua anachofanya kwenye mikutano. Anagawa maji ya kunywa.

Nilikuwa na majibu manne ya kumkata maini. Yote yalinijia baada ya chakula cha jioni.


Alhamisi, 8 Agosti

Shangazi alitaka kumjaribu Bei Moja kwa mara ya mwisho. Akanichukua. Karakana yake iko chini, pale barabara inapoishia majini, na inanukia vumbi la mbao na lami. Boti tano zimepangwa juu ya magogo. Redio akatuletea maji.

Bei Moja ni pande la mtu. Mikono yake sijaona mfano wake. Akisimama wima vidole vinakaribia magoti. Akatupeleka kwenye boti ya bluu, akalaza kiwiko kwenye ncha ya mbele, akaanza kupima kwa mkono wake mwenyewe, huku akihesabu kwa sauti. Mimi nikawa nahesabu naye kimoyomoyo, nisije nikaibiwa. Moja, mbili, tatu... Haki ya nani, zilikuwa kumi na nne. Hakuongopa hata kidogo.

Lakini kumi na nne ni kumi na nne! Kumi na nne za hapa na kumi na nne za mji wa juu zina tofauti gani? Bei tu. Wizi wa mchana kweupe, tena kwa tabasamu.

Shangazi akaomba apunguziwe. Bei Moja akatazama juu kana kwamba anasikiliza mvua. Shangazi akaomba tena. Akasema bei ni moja. Tukatoka.

 Tulipofika getini Shangazi akaniambia nimwambie huyo Kapteni aendelee. Na nimpe salamu zake.

Ushindi! Pesa ya kuanzia imetumwa leo hii. Nimeruka nyuma ya tangi mpaka nikagonga kichwa.


Ijumaa, 9 Agosti

Balaa. Fundi anataka kuongea na Kapteni kwa sauti.

Amepiga. Simu ikaita mkononi mwangu kama kitu kilicho hai. Nikaifunika kwa mto. Ikaita. Nikaukalia mto. Ilipokata nikaandika haraka: Samahani Fundi, nimeishiwa sauti. Miaka mingi ya kupaza sauti juu ya ngurumo za injini. Daktari amenikataza kusema hata neno moja.

Nikangoja roho juu juu. Fundi akajibu kwamba amehuzunika sana, na kwamba mjomba wake pia alikuwa hivyo, na kwamba atamtumia Kapteni asali.

Nina kipaji. Sijui kimetoka wapi, Mama na Baba wote ni watu wa kweli.

Ikabidi nimweleze na Shangazi, asije akaomba namba. Nikasema Kapteni hasemi, anaandika tu, na anaandika kwangu. Shangazi alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Mwanamume asiyesema," akasema. "Nimemtafuta maisha yangu yote."

Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania.


Jumatano, 14 Agosti

Leo Fundi ameomba kitu cha ajabu. Mbao ziko tayari, anataka kuanza kukata. Akaandika: Kapteni, nitumie dhiraa yako. Sikuelewa. Nikajibu kwa busara ya mtu mzima: Fafanua. Akaeleza kwamba kwao boti hupimwa kwa mkono wa mnunuzi. Unakata kamba kuanzia kiwiko mpaka kidole cha kati, unamtumia, na yeye anafuata kamba hiyo hiyo kwa boti nzima, ili boti imjue mwenyewe. Nimpe tu dereva wa lori la mkaa, atamfikishia.

Utaratibu mzuri sana! Una heshima ndani yake. Kama sahihi.

Nikachukua kamba ya kuanikia nguo, kipande. Nikakaa nyuma ya tangi, nikainyoosha juu ya mkono wangu. Hapo nikasita. Mkono wangu ni mwembamba, mfupi pia, shuleni nilikuwa nasimama mstari wa mbele wakati wa picha. Nikafikiria kupima mkono wa Mama akiwa amelala mchana. Nikafikiria hata kumwomba muuza maziwa.

Kisha dhamiri ikanijia. Fundi ameniomba dhiraa yangu. Nimwibie dhiraa ya mtu mwingine? Nimeshamdanganya umri, sauti, kazi na shingo. Uongo nao una mipaka. Nikakata kamba kwenye ncha ya kidole changu mwenyewe, kwa uaminifu kabisa, bila kuongeza hata upana wa ukucha.

Nimejisikia safi siku nzima.

Redio alinikuta getini nampa dereva kamba. Akauliza nampa nini. Nikamwonyesha kwa kidole kitu kingine mbali, akageuka kutazama. Nikaingia ndani.


Jumanne, 20 Agosti

Fundi anasema kazi inakwenda kwa kasi ya ajabu, hajawahi kuona mbao zikibaki nyingi namna hii. Nikampongeza. Fundi stadi hapotezi mbao!

Asali imefika. Tumeila kwa mkate. Shangazi alikuwa anaipaka taratibu, akiuliza kama Kapteni amejiwekea yake.

Maana hapa kuna jambo lingine limejitokeza, na sijui nilishike wapi. Shangazi ni mjane wa miaka mingi. Sasa kila jioni anapitia chumbani kwangu kwa kisingizio cha kutafuta uzi. Je, Kapteni anakula vizuri? Ana watoto wangapi? Mkewe yuko wapi? Nilibanwa, nikasema mkewe alifariki zamani. Shangazi akasema pole, kwa sauti ambayo haikuwa na pole hata kidogo.

Akaniomba nimwandikie Kapteni kwamba yeye anamshukuru. Nikaandika mbele yake, nikatuma kwa Kapteni, yaani kwangu. Halafu nikaenda nyuma ya tangi, nikajibu: Ni heshima kwangu, Mama wa Boti. Nikarudi kumsomea.

Shangazi aliimba akipika.


Alhamisi, 29 Agosti

Boti imekwisha! Imepakwa rangi nyeupe na mstari wa kijani. Fundi ametuma picha akiwa amesimama mbele yake, na ni nzuri mpaka machozi yalinitoka. Shangazi amemalizia pesa yote. Hata baada ya kulipa kila kitu tumebakiza nyingi, tumeshinda, tumemkalia Bei Moja kichwani!

Ila.

Fundi anaileta mwenyewe, keshokutwa. Atashuka nayo mtoni. Anasema hawezi kukabidhi chombo bila kumshika mkono Kapteni na kula naye mezani.

 Nikawaza kumuua Kapteni. Ajali ndogo, ya ghafla, isiyo na maumivu. Lakini Shangazi ametoka leo kununua marashi. Siwezi kumfanya mjane mara ya pili.

Basi nimempa Kapteni safari. Ameitwa haraka, meli kubwa imekwama baharini na hakuna anayeweza kuiongoza ila yeye. Kwa kuandika. Nimemtumia Fundi. Amesikitika, lakini anakuja hivyo hivyo.

Shangazi nimemwambia jioni. Alikuwa amevaa gauni jipya la zambarau, analijaribu. Akakaa kitandani nalo. Akasema si neno, wanaume wa majini ndivyo walivyo. Kisha akalivua, akalikunja, akalirudisha kwenye mfuko wa duka.

Nilitamani kumwambia. Nikaenda kuosha sufuria.


Jumamosi, 31 Agosti

Naandika nikiwa chini ya kitanda. Nina sababu.

Tulikuwa kivukoni tangu asubuhi. Shangazi, Mama, mimi nyuma ya Mama. Redio naye akaja, na shati lake, kutazama. Mara boti nyeupe ikajitokeza kwenye kona ya mto. Mstari wa kijani! Inang'aa! Nikapiga makofi. Mimi, mbele za watu!

Ikazidi kusogea. Nikawa nangoja ikue, maana kitu cha mbali huonekana kidogo. Ikasogea zaidi. Haikukua. Ikafika kabisa, ikagusa ufukwe, Fundi akashuka kwa kuruka, na ikawa bado ndogo.

 Shangazi akaizunguka. Akasimama mbele, akatazama nyuma, na nyuma palikuwa pale pale. Akauliza kwa upole kama hii ni sampuli.

Fundi, mzee mwembamba mwenye penseli sikioni, akaapa kwamba ni dhiraa kumi na nne, si pungufu. Akatoa kamba mfukoni. Kamba yangu. Akapima mbele ya wote, na zilikuwa kumi na nne kamili.

Shangazi akaichukua ile kamba, akaitazama muda mrefu. Akauliza mtu mwenye mkono wa namna hii alishikaje usukani wa meli. Fundi akasema hata yeye alishangaa. Ila mtu mzima, tena kapteni, utamwandikiaje kumuuliza mbona yeye ni mfupi? Kwao huo ni utovu wa adabu. Akanyamaza, akakata mbao.

Redio ndiye aliyesema, "Sasa nakumbuka!" Alikumbuka getini, dereva wa mkaa, na kipande cha kamba.

Shangazi hakunigombeza. Hilo ndilo lililoniogopesha. Aliiweka kamba kwenye kiwiko cha Mama: fupi. Kwenye mkono wake: fupi. Redio akanyoosha wake kwa furaha kubwa: fupi. Kisha akanijia mimi, nyuma ya Mama, akaniomba mkono kama mtu anayetaka kunivisha bangili.

Ilinikaa barabara. Kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole. Kama ngozi.

"Kwa hiyo mwezi mzima," Shangazi akasema, "nimekuwa nikimpelekea salamu mtoto wa kaka yangu."

Fundi alinitazama kutoka juu mpaka chini. Halafu, kwa mazoea, mdomo ukamtoka: Shikamoo Kapteni. Redio alicheka mpaka akakaa mchangani na shati lake.

Nilikimbia. Nimefika hapa chini ya kitanda na hapa nitaishi.


Jumapili, 1 Septemba

Nimetolewa kwa ufagio.

Tumeifunga injini ya Shangazi kwenye boti mpya. Injini ni ya boti kubwa. Shangazi alipoiwasha, pua ikainuka juu, akaondoka mtoni kama aliyepanda farasi, bila kuona mbele. Wavuvi wawili walipiga mbizi.

Fundi amelala kwetu, sebuleni. Hana usafiri wa kurudi mpaka lori la kesho. Anakula vizuri.

Jioni akaja Bei Moja mwenyewe, amesikia. Watu wote wamesikia, Redio hakulala. Akalaza mkono wake mkubwa juu ya boti yetu. Akahesabu. Tisa, na kipande. Hapo nikaanza kuona kitu, polepole, kama mtu anayezoea giza: dhiraa ya Bei Moja na dhiraa yangu hazikuwa kitu kimoja. Kumbe hakutuibia. Alitoza mkono mrefu!

Nikamweleza Mama ugunduzi huu. Mama akasema saluni wanafungua saa mbili.


Jumatatu, 2 Septemba

Siku ya shule kufunguliwa. Mama alinipa hadi jioni kumsaidia Shangazi, kwa sababu ya aibu tu.

Wanafunzi kumi na sita kivukoni, sare zimepigwa pasi, soksi nyeupe. Wakaingia saba. Wa nane akaingia na boti ikakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Shangazi akasema basi, wengine wangoje. Akavuka akiwa amepunguza injini mpaka inakohoa. Akarudi. Akavuka tena. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama ng'ambo, mikono nyuma, kengele ilishapigwa.

Akasema yeye alisema mara moja. Hakusema mara mbili. Akampa Shangazi mpaka Jumatano. Nyuma yake yule bwana wa boti ya njano alikuwa anafuta viti vyake kwa kitambaa, na viti vilikuwa safi tangu mwanzo.

Shangazi akarudi. Akafunga boti. Akavaa lile gauni la zambarau, nilidhani amechanganyikiwa, akajipulizia marashi yote ya Kapteni, akaenda karakana. Alikaa huko muda mrefu.

Alichokipata ni hiki. Bei Moja anaichukua boti yetu ndogo, anaye mvuvi anayetaka chombo kidogo. Ila ananunua kwa dhiraa, kwa bei ya mji wa juu, na anapima kwa mkono wake: tisa, na kipande hakihesabu. Anatupa ile ya bluu. Tofauti Shangazi ataimalizia kidogo kidogo mpaka mwakani. Jumla yake yote, ukiweka mji wa juu na hapa, inaipita bei ile ya kwanza iliyotukalisha chini. Redio amepata chake. Amejinunulia viatu vya kisigino leo hii.

Nilianza kulia. Shangazi akaniambia nilie baadaye, kuna kazi.


Jumatano, 4 Septemba

Wamevuka wote! Kumi na sita, mara moja, na nafasi ikabaki ya begi la Mwalimu Mkuu. Boti ya bluu inatembea kama inateleza juu ya mafuta. Mwalimu Mkuu ametikisa kichwa kukubali. Kazi ni yetu, mwaka mzima!

Kuhusu mimi, Shangazi na Mama walijifungia jikoni. Walipotoka, hukumu ilikuwa tayari. Saluni siendi. Moyo ukaruka! Ukarani sipati. Moyo ukatua. Deni linataka abiria wa mchana, wanafunzi wakiwa darasani, na abiria wanataka kuitwa. Kwa hiyo nitasimama kivukoni, juu ya gogo, na kuwaita. Kwa sauti. Watu nisiowajua. Mpaka deni liishe.

Nikamwambia Shangazi kwamba sauti yangu haitoki. "Ya Kapteni pia haikutoka," akasema, "na alimaliza pesa zangu zote."


Jumamosi, 7 Septemba

Siku ya kwanza nilisimama juu ya gogo nikafungua mdomo, ukatoka upepo. Siku ya pili kidogo: ng'ambo... ng'ambo... kama mgonjwa anaomba maji. Lakini ngoja nikwambie! Mtu akiona midomo yangu inacheza na hasikii kitu, anasogea. Anauliza unasemaje? Narudia, chini zaidi. Anasogea tena. Anainama. Kufikia hapo mguu mmoja umeshaingia botini, na Shangazi anamshika mkono wa pili. Jana yule bwana wa boti ya njano alipiga kelele mpaka akakaukwa koo, na sisi tukajaza mara tano. Shangazi ameanza kunitazama kwa jicho lile la zamani.

Na leo ndiyo siku yenyewe!

Mwalimu Mkuu alikuwa botini, mchana, amekaa karibu nami. Akamwambia Shangazi kwamba shule inataka basi dogo la kuwatoa watoto kivukoni mpaka darasani, lakini bei ya magari ya hapa mjini inamuumiza kichwa. Muuzaji ni mmoja tu. Hapunguzi.

Nikahisi ule msisimko mgongoni.

Nimekaa nikayapima makosa yangu yote, moja moja, kama mtu mzima. Nimeliona tatizo lilipokuwa. Lilikuwa ni kuwa mwanamume. Mwanamume lazima awe na mikono mirefu, watu wanategemea. Kwa hiyo tangu saa kumi jioni mimi ni Bibi Mkurugenzi, miaka sabini, mwenye magari manne na mguu mbaya unaomzuia kutoka nyumbani. Nimemwandikia muuzaji mmoja wa mbali sana, mbali kuliko mji wa juu. Amejibu: Shikamoo Bibi. Anayo basi, viti ishirini, kwa nusu ya bei ya hapa. Nusu!

Nimeuliza maswali makali. Dhiraa? Hakuna dhiraa, magari hayapimwi hivyo, nimehakikisha. Ametuma picha ya upande wa kushoto. Unang'aa. Upande wa kulia bila shaka uko hivyo hivyo. Na ameandika kwa herufi kubwa kwamba basi linauzwa kama lilivyo. Kama lilivyo! Yaani hatabadilisha kitu! Mtu mwaminifu kiasi hicho utampata wapi mjini hapa? Anataka pesa ya kuanzia leo leo, maana yuko mteja mwingine njiani.

Kesho nitamnong'oneza Mwalimu Mkuu, akiinama kunisikiliza, kwamba yupo bibi wa mwenzangu wa shule.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, nakuomba kwa heshima zote. Ukipita kivukoni ukaniona juu ya gogo, usinikonyeze. Shangazi asijue, Mama asijue, na mbele ya Redio usinitaje hata kwa jina. Akikuuliza mtu, sema Bibi Mkurugenzi unamfahamu, ni mama mtu mzima, mtulivu, na mguu unamsumbua.